Galari ya Mimea Ndani ya Nyumba ya Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa wenye nyumba za mawe mjini Lamu, kwa wasanii wanaotafuta chumba cha kuonyesha kazi, na kwa vijana wenye vitalu wanaotaka mimea yao itazamwe, si kununuliwa tu. Ninayoyajibu nimeyafanya kwa mikono yangu. Pale nilipokosea, nimesema.

Mmea unakuwaje sanaa? Hiyo si bustani tu?

Bustani ni wingi. Unaingia, unapumzika, macho yanatembea. Kwenye galari tunautenga mmea mmoja na wenzake, tunaupa ukuta mtupu nyuma yake na mwanga wa upande, kisha tunamwomba mgeni asimame. Akisimama ataona jinsi majani ya mkadi yanavyojizungusha kama ngazi ya mnara, na miba midogo iliyopangwa ukingoni kama meno ya msumeno. Kwenye shamba la mikadi hupiti ukayaona hayo.

Wala si jambo geni. Mwaka 1936 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilionyesha maua ya delphinium ambayo mpiga picha Edward Steichen aliyazalisha mwenyewe. Hazikuwa picha za maua, yalikuwa maua yenyewe. Mwaka 1982 msanii Joseph Beuys alianza kupanda mialoni 7,000 katika mji wa Kassel, Ujerumani, kila mti na jiwe lake pembeni; wa mwisho ulipandwa 1987, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Wajapani nao wana tokonoma, kishubaka kilichoinuliwa kidogo chumbani ambamo huwekwa shada moja na karatasi moja ya maandishi, basi. Nikimweleza mtu wa Lamu habari ya tokonoma haninyooshei shingo, kwa sababu amekulia kwenye nyumba yenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani.

Na kabla ya hao wote, mtazame bibi anayefunga kikuba jioni, kile kifungu kidogo cha maua na majani ya kunukia. Anaweka asumini, anaweka mrehani, anakata jani la mkadi kwa mkasi liwe jembamba, anatia ua la waridi mahali pake, anakaza uzi. Hachanganyi ovyo. Ile ni kazi ya mkono na jicho, na malighafi yake ni mmea ulio hai.

Nianzie wapi: kununua mimea au kutengeneza chumba?

Anza na mwanga. Usinunue hata chungu kimoja kabla hujaujua mwanga wa chumba chako, kwa sababu hapa ndipo sanaa na mmea vinapogombana. Makumbusho hulinda karatasi na vitambaa vya kale kwa mwanga hafifu, kama laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga); picha za rangi ya mafuta hupewa karibu laksi 200. Mmea unaovumilia kivuli unataka laksi 500 hadi 1,000 au zaidi, tena kwa saa nyingi kila siku. Mmea wa jua unataka makumi ya maelfu. Nje, adhuhuri, jua letu hukaribia laksi 100,000. Kwa hiyo chumba kinachoonekana kizuri na tulivu kwa jicho la binadamu huwa ni chumba cha njaa kwa mmea. Jicho letu hudanganya, linazoea kiza haraka mno.

Pakua programu ya kupimia mwanga kwenye simu. Pima saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, pale pale chungu kitakapokaa, si mlangoni. Andika ukutani kwa penseli kama ukuta ni wako.

Halafu kumbuka jua linahama. Lamu iko kama digrii 2 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Kama misana yako, vyumba virefu vya mbele, inatazama kaskazini kwenye kiwanda, yaani uwanja wa ndani ya nyumba, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kale, mwezi wa Juni jua la adhuhuri litaingia chini ya uwazi wa kimo cha mita 2.5 na kutambaa sakafuni zaidi kidogo ya mita 1. Mwezi wa Disemba halitaingia kabisa saa hiyo. Mmea ulioupanga Disemba ukaona umepatia, Juni unaweza kuukuta umeungua upande mmoja. Chora mstari wa jua sakafuni kwa chaki, mara moja Juni na mara moja Disemba, nawe utakuwa na ramani ambayo hakuna mshauri atakayekuuzia.

Vyumba gani vya nyumba ya Kiamu vinafaa?

Nyumba yenyewe imeshapanga safari ya mgeni. Ifuate.

Daka, pale mlangoni penye mabaraza, ni pa kusubiri. Usijaze vyungu hapo, watu wanakaa. Mmea mmoja mgumu unatosha, wa kumwambia mpita njia kwamba ndani kuna jambo. Ukivuka tekani, ukumbi mdogo wa nyuma ya mlango, unaingia kwenye kiza kifupi, na kiza hicho ni mali: jicho linapumzika, kisha kiwanda kinakufungukia chenye mwanga wote. Hapo, kwenye uwanja huo usioezekwa, ndipo mahali pa mmea mkubwa kuliko yote. Mmoja. Nimeona viwanda vilivyopangwa vyungu arobaini kuzunguka kuta, na mgeni anapita katikati kama anayepita sokoni, hajui atazame kipi.

Misana, vile vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana, ni zawadi kwa mpangaji. Wembamba wao umetokana na boriti za mikoko, ambazo hazivuki vizuri zaidi ya mita 3. Msana wa kwanza, ulio karibu na kiwanda, una mwanga wa kutosha mimea ya kivuli chepesi. Msana wa nyuma yake ni wa mimea inayokuja kwa zamu. Ndani, chumba cha mwisho chenye zidaka, ni kiza. Huko usiweke kinachohitaji kuishi.

Jambo moja ambalo vitabu vya makumbusho vya ng'ambo havitakuambia: huko wanapanga kazi ili kitovu chake kiwe kama mita 1.5 kutoka sakafuni, kwa sababu mtazamaji wao amesimama. Wageni wetu hukaa. Tandika mkeka, keti, kisha upime jicho lako liko wapi. Langu liko chini ya mita 1. Nilipoishusha mimea ya msana mmoja hadi usawa huo, watu walianza kukaa nayo nusu saa badala ya kupita.

Zidaka je? Si ndizo mahali hasa pa kuweka vyungu?

Hapana, na nasema kwa uchungu kwa sababu najua zinavyotamanisha. Zidaka zimechongwa kwa chokaa na zilikusudiwa vyombo vikavu: sahani na mabakuli ya Kichina, misahafu. Chungu chenye maji kikikaa humo, unyevu hupanda kwenye chokaa, chumvi iliyo ndani ya jiwe la matumbawe hutoka nje kama unga mweupe, na nakshi iliyodumu miaka na miaka huanza kumong'onyoka kwa kidole. Kuirudisha ni kazi ya fundi hodari, nao si wengi.

Weka vitu vya mmea visivyohitaji udongo. Buyu lililokauka, limepasuliwa upande mmoja ili unga wake mweupe na nyuzi zake nyekundu zionekane. Vifuu vya nazi. Komafi, lile tunda la mkomafi lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Ndani mbegu zake zimefungamana kama fumbo, ukizitoa huwezi kuzirudisha. Weka chache, acha kidaka kimoja katika kila vitatu kiwe kitupu.

Naweza kutumia taa?

Ndiyo, na kwa misana ya nyuma huna budi. Chukua taa za LED za mwanga mweupe, Kelvini 3,000 hadi 4,000, zenye uaminifu wa rangi (CRI) wa 90 na kuendelea. Zile taa za zambarau za kuoteshea mimea huenda zikaulisha mmea vizuri, lakini jani zima la kijani hugeuka jeusi machoni pa mgeni. Taa ikae karibu na mmea: balbu ikisogezwa kutoka nusu mita hadi mita 1, mwanga unaobaki ni robo. Saa 12 kwa siku zinatosha, kisha zima. Mmea nao unahitaji usiku. Umeme ukikatika siku moja au mbili, usihangaike.

Taa moja kutoka upande mmoja huandika kivuli ukutani. Taa nne kutoka pembe nne hufuta kila kitu.

Mimea ya ndani itaishi vipi kwenye kiza kwa muda mrefu?

Haitaishi, na hii ndiyo siri ya kazi nzima. Galari ya mimea ni nyumba mbili: chumba cha kuonyeshea na kitalu cha kupumzikia. Sisi kitalu tuliweka darini, nusu chini ya makuti na nusu juani. Mmea hukaa chumbani wiki mbili, kisha hupanda juu kupumzika wiki nne. Kwa hiyo ukitaka mimea sita chumbani, uwe na kumi na minane. Wenye nyumba wengi hukata tamaa wakisikia hesabu hiyo. Lakini bila zamu utakuwa unaonyesha mimea inayokufa polepole, na mgeni hulitambua hilo hata kama hajui kulisema.

Usiupeleke mmea wa kivuli juani kwa siku moja. Usogeze hatua kwa hatua, siku saba hadi kumi.

Mimea gani ya kwetu inastahili?

Nawasihi sana muanze na ya kwetu. Mtu hakuvuka kivuko kutoka Mokowe ili aone mmea ule ule aliouacha kwenye benki ya Nairobi.

Waridi la jangwani lina shina nene lililovimba kama mguu wa tembo na maua ya waridi juu ya matawi yasiyo na majani. Linataka jua kali na maji machache, kwa hiyo ni mmea wa kiwanda. Mbuyu mchanga kwenye chungu kipana cha kina kifupi huchukua umbo la mzee mapema, na ng'ambo tu ya mlango wa bahari, Manda, ipo mikubwa ya kukuonyesha unakoelekea. Sansiveria huvumilia kiza kuliko mingi, na mistari ya majani yake ikipigwa na taa ya upande ni kama kazi ya mfua fedha. Mkadi nimeshausifu. Okidi aina ya Ansellia africana, ambayo porini hujishikiza kwenye miti, huning'inizwa kwenye kipande cha gogo na mizizi yake myeupe inayotazama juu kama sindano. Watu husahau hata kuuliza kuhusu maua.

Kisha mikoko. Kaunti ya Lamu ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya misitu ya mikoko ya Kenya, na sijui kwa nini tumeichukulia kuwa ni boriti tu. Mche wa mkoko huanza kukua ungali juu ya mti mama, mrefu, mara nyingine kufikia nusu mita, kisha huanguka na kuelea. Usimamishe kwenye chupa ndefu ya kioo yenye maji ya bahari yaliyochanganywa na maji ya mvua, ncha ikiwa imezama. Baada ya wiki chache mizizi hutokeza chini na majani mawili hufunguka juu, na mgeni anayerudi kila Ijumaa huona kazi ile ile ikibadilika. Panga saba mstari mmoja kwenye msana wa kwanza, zenye umri tofauti. Maonyesho yakiisha, wapeni kikundi cha akina mama wanaopanda mikoko wakairudishe topeni.

Kwa nini ncha za majani zinakauka na kuwa za kahawia?

Takriban kila mara ni maji. Visima vyetu vina chumvi, na kila unaponyweshea, maji huondoka chumvi ikabaki chunguni. Utaona ukoko mweupe juu ya udongo. Vuna maji ya mvua ya masika. Wazee walijenga majabia, matangi ya kuhifadhi maji, kwa hekima. Kama huna budi kutumia ya kisima, mara moja kwa mwezi mwaga maji mengi ya mvua yapite chunguni hadi yatoke chini, yaoshe chumvi. Na usumba wa kuchanganyia udongo uulize umetoka wapi, kwa sababu makumbi hufukiwa ufukweni ili yaoze, na nyuzi zake hutoka na bahari ndani yake. Uloweke na kuubadilishia maji mara tatu.

Majani yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, hilo ni jambo jingine: udongo wetu wa matumbawe una chokaa nyingi na mmea haupati chuma. Ongeza mboji.

Sakafu ya juu itahimili vyungu vikubwa?

Chungu cha lita 50 chenye mchanga na mboji iliyolowa hukaribia kilo 100. Hebu fikiria mtu mnene amesimama mahali pamoja usiku na mchana, hahami.

Mimi nilikiweka kimoja katikati ya msana wa juu kwa sababu pale ndipo kilipopendeza. Baada ya miezi mitatu, chini yake, asubuhi moja nikakuta makombo ya chokaa kwenye mkeka, duara dogo jeupe kama unga uliomwagika. Nikafagia. Siku ya pili yakarudi. Fundi mzee alikuja, akapanda ngazi, akagonga boriti kwa mpini wa nyundo moja baada ya nyingine, akasikiliza. Ya tano ilitoa sauti ya debe. Maji yaliyovuja chunguni yalikuwa yameshaingia ndani, na uzito ukafanya mengine. "Katikati ya boriti ndipo panapolia," akaniambia, "kitu kizito kitie ukutani." Tulibadilisha boriti mbili, na kila nikipita chini ya pale bado natazama juu.

Basi: vyungu vizito chini, kiwandani. Juu weka vyepesi, karibu na ukuta ambako ncha za boriti zimeshikwa, na kila kimoja kiwe na sinia isiyovuja iliyoinuliwa juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite.

Nipige ukuta saruji ili usishike unyevu?

Usipige. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Saruji huuziba, unyevu ukakosa pa kutokea na kuanza kula jiwe kwa ndani. Rangi ya plastiki ni vivyo hivyo. Paka chokaa. Weupe wake unarudisha mwanga mwingi kwa mimea, tena hauna ule mng'ao wa kuumiza macho. Na kwa kuwa Mji wa Kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kabla ya kutoboa au kubomoa chochote zungumza na ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapa mjini.

Ukuta mzima wa mimea iliyopandwa wima?

Si kwenye nyumba hizi. Sababu ni hizo hizo.

Upepo unaathiri?

Sana. Kusi huja na nguvu na chumvi ya bahari, na mimea ya darini yenye majani mapana huchanika. Miezi hiyo shusha mimea laini, uipange upande wa ukuta unaoikinga. Kaskazi ni mpole zaidi lakini ni mkavu na joto ni kali. Ongeza maji, hasa Februari. Chumba kisichopata upepo kabisa nacho ni kibaya, utaona ukungu mweupe kwenye majani. Pangaboi la mwendo wa chini linatosha.

Na mbu?

Sinia zenye maji yaliyotuama huzaa mbu wa dengi, kwa hiyo zimwage kila siku ya pili. Kama una birika la kunyweshea, fanya walivyofanya waliojenga nyumba hizi: tia samaki wadogo ili wale viluwiluwi.

Naweza kuchimba mmea porini?

La. Okidi, mishubiri ya porini na mimea ya jamii ya mnyaa inalindwa na mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vya porini, na mikoko haikatwi bila kibali cha Huduma ya Misitu. Nunua iliyooteshwa kitaluni, au omba kipandikizi kwa jirani. Mmea uliong'olewa porini mara nyingi hufa ndani ya mwaka, na pale ulipotoka panabaki shimo.

Watoto na paka wa mtaani?

Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu. Watu waliutumia kwenye mishale. Maziwa ya mnyaa huchoma macho vibaya. Iweke mimea hiyo mbali na njia na uandike onyo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Paka wa Lamu wataingia utake usitake, nao hupenda kulala kwenye udongo mkavu. Funika uso wa chungu kwa kokoto.

Lebo iandikwe nini?

Jina la Kiswahili kwanza, kubwa. La Kiamu kama ni tofauti. La kisayansi chini yake, dogo. Kisha sentensi moja ya matumizi au habari, mfano: "Majani yake hukatwa nyembamba na kutiwa kwenye kikuba." Muulize bibi yako kabla hujauliza intaneti, majina mengine yako kwa wazee tu, na hiyo lebo inaweza kuwa mara ya kwanza yanaandikwa.

Tufungue saa ngapi?

Baada ya alasiri hadi isha, isipokuwa kama mna watoto wa shule asubuhi. Kuanzia saa kumi jua hulala, na kivuli cha mkadi hupanda ukutani kikawa kikubwa kuliko mkadi wenyewe. Magharibi ikiingia, funga milango watu wakaswali, kisha ufungue tena bila kuwasha taa zote. Asumini hufunguka wakati huo. Weka vyungu viwili vyake kwenye msana wa nyuma, mahali mgeni hawezi kuviona akiwa kiwandani, umwache atafute harufu inatoka wapi.